Ujira wa Mzimamoto

Miongoni mwa kazi ambazo wanadamu huajiriana kwa mshahara, iko moja ambayo mwenye kulipa huomba usiku na mchana asiione ikifanywa. Mkulima hupata fedha yake mavuno yakionekana. Fundi hupata yake ukuta ukisimama. Mwalimu hulipwa kwa kuwa watoto wako mbele yake tangu asubuhi hata alasiri. Mzimamoto hulipwa kwa kukaa tayari. Akikaa mwezi mzima asiitwe, mji umepata heri, lakini yeye ameonekana ameketi. Hapo ndipo yanapoanzia mashaka yake katika jambo la ujira, maana watu ni wepesi wa kuhesabu saa alizokaa, na wazito wa kuhesabu dakika alizosimama kati ya mtu na mauti.

Wewe, msomaji wangu, uko katika umri wa kuulizwa utakuwa nani. Nakisia kuwa umekwisha kutajiwa udaktari, uhandisi na uwakili, na pengine ualimu, ikiwa matokeo ya mtihani hayakumpendeza baba. Sidhani kama yuko aliyekutajia uzimamoto. Mimi nami sikukusudia kukushawishi uufuate. Nataka uchungue pamoja nami fumbo lililomo katika kazi hiyo: kwamba ni kazi ya hatari, yenye ujira wa kadiri katika nchi tajiri na ujira haba katika nchi maskini, na hata hivyo wenye kuifanya huipenda kuliko watu wengi wapendavyo kazi zao. Tukilifumbua fumbo hilo litatujia swali lenye uzito zaidi. Pendo hilo ni mali ya nani? Ni la mfanyakazi peke yake, au mwajiri naye anaweza kulitia katika hesabu zake na kulikata katika mshahara?

Kwamba pendo lenyewe lipo si maneno ya kubuni. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, kilitoa taarifa ya uchunguzi uliokusanywa kwa miaka mingi. Watu wa kazi mbalimbali waliulizwa kama wameridhika na kazi zao. Kwa jumla ya wote, watu 47 katika mia walijibu kuwa wameridhika sana. Wahudumu wa dini walitangulia kwa 87 katika mia, na wazimamoto wakawafuata kwa 80 katika mia. Walipoulizwa habari ya furaha ya maisha yao, wazimamoto 57 katika mia walisema wana furaha sana, na hali kwa watu wote ilikuwa kama 33 tu. Usidhani kuwa waliridhika kwa sababu ya wingi wa fedha. Mwaka 2024 mshahara wa mzimamoto wa kati nchini humo ulikuwa kama dola 59,500 kwa mwaka, yaani umezidi kidogo ule wa mfanyakazi wa kawaida. Na wakili wa kati alipata zaidi ya dola 150,000. Ingekuwa uradhi hununuliwa kwa mshahara, wakili angemwacha mzimamoto mbali sana nyuma.

Mjomba wangu alikuwa mzimamoto kwa miaka ishirini na miwili katika mji mmoja wa Kenya ambao sitautaja jina. Nilipokuwa mwanafunzi kama wewe nilizoea kupita kituoni kwao nikitoka shule. Palikuwa na magari mawili mekundu, na moja lilikuwa likiishi kwa viungo vya mwenzake: leo limeazima betri, kesho gurudumu. Nilimkuta mjomba aghalabu akiosha mipira ya maji na kuianika juu ili ikauke, kwa sababu mpira wa turubai ukihifadhiwa na unyevu huoza, na mpira uliooza hupasuka siku ile ile unapotakiwa. Walipika ugali kwa zamu na kula katika sinia moja. Walitaniana sana. Mtoto mgeni angedhani ni watu wasio na kazi.

Nilimwuliza siku moja anapenda nini katika kazi ile. Hakunijibu kwa haraka. Kisha akaniambia kuwa karani anaweza kuandika barua kwa miaka kumi asijue kama iko moja iliyomfaa mtu, lakini mzimamoto hujua kabla jua halijachwa. Nyumba imesimama au imeanguka. Mtoto ametoka au hakutoka. Nimeyafikiri sana maneno hayo tangu siku ile. Nadhani sehemu kubwa ya uchungu wa kazi za leo hutokana na kutoona mwisho wa jasho letu. Mtu hupeleka karatasi kwenye meza ya pili, na meza ya pili huipeleka kwenye ya tatu, na mwisho wa mwezi mshahara ndio ushahidi wa pekee kwamba alifanya kitu. Mzimamoto ana ushahidi mwingine, nao una miguu na sauti.

Jambo la pili aliloniambia ni habari ya wenzake. Mtu aingiaye katika chumba kilichojaa moshi hauoni hata mkono wake mwenyewe. Huenda kwa magoti akipapasa ukuta, na kinachomwambia njia ya kurudi ni mpira wa maji alioushika na sauti ya mwenziwe nyuma yake. Karibu na dari ya chumba kinachowaka joto laweza kupita nyuzi 500, na mavazi yake pamoja na mtungi wa hewa, ikiwa amepewa mtungi, humwelemea kwa zaidi ya kilo 20. Katika hali hiyo hakuna mkubwa wala mdogo, na hakuna anayeweza kujifanya hodari kwa maneno. Urafiki unaozaliwa humo haufanani na urafiki wa mezani. Kula sinia moja, ambako mimi nilikuona kama mchezo, kulikuwa sehemu ya kazi.

Usiku mmoja waliitwa kwenye nyumba za mbao zilizoungana ukuta kwa ukuta. Mjomba alimtoa bibi mmoja mzee kwa kumbeba mgongoni, na bibi yule alipotuliwa chini alianza kumgombeza kwa nini ameiacha cherehani yake ndani. Mjomba aliisimulia habari hiyo mara nyingi, na kila mara aliicheka upya. Kwa miaka iliyofuata bibi yule alikuwa akimwona sokoni humwita kwa sauti, "Wewe, uliyeniunguzia cherehani!" na kumtilia ndizi katika kikapu bila malipo. Sijui kama yuko tajiri aliyewahi kupata furaha ya ndizi zile.

Lakini ndizi hazilipi karo. Upande wa pili wa habari hii mjomba hakuusimulia kwa kicheko, na labda asingeusimulia kabisa kama nisingeuona kwa macho yangu. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na tena ulichelewa, mara nyingine miezi miwili. Binamu yangu mkubwa alirudishwa nyumbani kwa karo muhula mmoja katika kila mwaka, kana kwamba ni sikukuu. Kulikuwa na daftari la madeni katika duka la mtaani kwao, na jina la mjomba lilikuwa na ukurasa wake. Mwenye duka alimheshimu sana mjomba, akamsifu mbele ya watu, na akaendelea kuandika. Sifa hazikupimiwa unga. Wakubwa wa mji walipolalamikiwa walikuwa na jibu moja walilolipenda: kwamba uzimamoto ni wito, na mwenye wito hafanyi kazi kwa ajili ya fedha.

Jibu hilo lilinikera tangu ujana wangu, lakini ilinichukua muda kujua linakosea wapi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli kabisa kuwa mjomba hakuwa akifanya kazi kwa ajili ya fedha. Angekuwa anataka fedha angeendesha lori. Uongo umo katika hatua inayofuata, pale mtu anaposema kwamba kwa kuwa hukifuata kitu fulani, basi hukihitaji.

Kumlipa mzimamoto kwa kitu kisicho fedha ni desturi ya kale. Katika Roma ya zamani aliishi tajiri mmoja, Marcus Licinius Crassus, ambaye nyumba ikishika moto aliwaendea wenyewe na kuinunua kwa bei ya hofu, pamoja na zile za jirani, kisha akaijenga upya kwa mikono ya watumwa wake mafundi. Mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augustus aliunda vikosi saba vya walinzi wa moto. Aliwaandika watu waliokuwa watumwa wakaachwa huru. Sheria ya mwaka wa 24 iliwaahidi kuwa atakayetumika miaka sita atapata uraia kamili wa Roma, na baadaye miaka hiyo ikapunguzwa ikawa mitatu. Huo haukuwa ujira wa kudharauliwa. Mtu asiye raia alikuwa kama mti usio na mizizi, na kwa kubeba ndoo miaka sita alipata mizizi yeye na watoto wake.

Ukidhani kuwa hayo yamepita na Kaisari wake, tazama California, katika Marekani ya leo. Huko wafungwa hufundishwa na kupelekwa kupambana na moto wa misitu pamoja na wazimamoto wa serikali. Mamia yao walikuwa katika moto mkubwa wa Los Angeles mwezi wa Januari 2025. Ujira wao ulikuwa kati ya dola 5.80 na dola 10.24 kwa siku nzima, na nyongeza ya dola moja kwa saa wakiwa motoni. Sheria ya mwaka 2020 iliwapa wengi wao ruhusa ya kuiomba mahakama, baada ya kifungo, iwafutie rekodi ya hatia ili waweze kupata kazi, na ile ya mwaka 2025 ikapandisha ujira wa saa za motoni kufikia dola 7.25. Nimesoma kuwa wengi wao huipenda kazi hiyo, nami naamini, kwa maana ni mara ya kwanza watu kuwapigia makofi barabarani. Hata hivyo moto hauulizi nani mfungwa na nani mwajiriwa. Ukichoma, huchoma ngozi zote mamoja.

Hapa msomaji mwenye akili ataniuliza habari ya wale wanaojitolea. Swali ni la haki. Katika Chile, tangu kikosi cha Valparaíso kilipoundwa mwaka 1851, wazimamoto hawapokei mshahara. Wao wenyewe hutoa ada ya uanachama. Marekani mwaka 2020 ilihesabiwa kuwa na wazimamoto wapatao 1,041,000, na katika hao kama 677,000 walikuwa wa kujitolea, hasa katika miji midogo na mashamba. Watu hawa ni ushahidi mkubwa wa pendo niliyekuwa nikilisema. Lakini tazama mambo yanavyokwenda. Mwashi yule wa Valparaíso au mwenye duka yule wa kijijini ana mkate wake unaotoka kwingine. Kengele ikilia anauacha mkate mezani, na akirudi anaukuta. Amejitolea kilicho ziada ya maisha yake, na hiyo ni zawadi njema. Mjomba hakuwa na mkate kwingine. Kumwambia mtu atoe zawadi kwa kitu asichokuwa nacho ni kumnyang'anya kwa lugha ya adabu.

Sasa nikupeleke London, ambako jambo hili lilifikia pahali pa uchungu. Baada ya moto mkuu wa mwaka 1666 kazi ya kuzima moto ilishikwa na makampuni ya bima, kila kampuni na watu wake, na nyumba iliyolipiwa bima ilitiwa alama ya chuma ukutani. Mwaka 1833 makampuni hayo yaliunganisha vikosi vyao chini ya James Braidwood, aliyekuwa ameunda kikosi cha Edinburgh mwaka 1824 na kuwafundisha watu wake kuingia ndani ya nyumba na kuufuata moto kwenye kiini chake, badala ya kumwaga maji kutoka njiani. Tarehe 22 Juni 1861 maghala ya mtaa wa Tooley yalishika moto. Braidwood alikuwa akiwapitia watu wake waliochoka, akiwagawia kinywaji cha kuwatia nguvu, ukuta ulipoanguka ukamwua. Mji wote ulimzika. Msafara wa maziko yake ulikuwa na urefu wa zaidi ya maili moja. Ndipo makampuni yakatangaza kuwa mzigo umewashinda, na sheria ya mwaka 1865 ikaufanya uzimamoto kuwa kazi ya umma katika mji ule. Angalia, msomaji: heshima ya maziko ilipatikana kwa siku chache. Ujira wa haki ulingojewa zaidi ya miaka mia.

Maana mwaka 1977 wazimamoto wa Uingereza waliona kuwa mishahara yao imeachwa nyuma na kupanda kwa bei za vitu. Walidai nyongeza ya 30 katika mia. Serikali ilikataa kwa kuwa ilikuwa imeweka mpaka wa 10 katika mia kwa watu wote. Tarehe 14 Novemba mwaka ule wakagoma, mgomo wao wa kwanza wa nchi nzima, nao ulikaa wiki tisa katikati ya baridi. Askari wa jeshi walipewa magari ya kale ya rangi ya kijani yaliyokuwa yamewekwa tangu miaka ya 1950, wakayaendesha kwa bidii na bila ujuzi wa kutosha. Wagomaji walisimama nje ya vituo vyao wakiota moto katika mapipa, na wapita njia wengi waliwaletea chakula na kuni. Ilitokea zaidi ya mara moja kwamba habari ya hatari kubwa ilipowafikia, baadhi yao waliacha mgomo kwa saa kadhaa wakaenda kuokoa, kisha wakarudi kwenye mapipa yao.

Mimi sipendi mgomo wa wazimamoto, na sijakutana na mzimamoto aupendaye. Mwalimu akigoma, somo laweza kufundishwa mwezi ujao. Nyumba haiungui mwezi ujao. Kwa hiyo yako maneno yenye nguvu upande wa wale waliowalaumu. Lakini nikiwafikiria wale waliorudi mapipani mikono yao ikinuka moshi, nawaona wamejibu swali letu kwa vitendo vyao. Waliokwenda kuokoa hawakuwa wamepungukiwa na pendo. Na waliorudi kugoma hawakuwa wamelighairi. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kifuani. Mgomo ulipoisha Januari 1978 walipokea ile 10 katika mia, pamoja na kanuni iliyokuwa bora kuliko fedha ya siku ile: mishahara yao ifungamanishwe na ya wale walio katika robo ya juu ya wafanyakazi wa kazi za mikono. Kanuni hiyo ilileta amani ya karibu miaka ishirini na mitano, mpaka mgomo mwingine wa nchi nzima ulipozuka Novemba 2002. Safari hiyo walidai pauni 30,000 kwa mwaka, wakakubali Juni 2003 nyongeza ya 16 katika mia kwa miaka mitatu.

Kwa nini kanuni iwapoze watu kuliko nyongeza? Mtaalamu mmoja wa Marekani, Frederick Herzberg, aliandika pamoja na wenzake kitabu mwaka 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu kama mia mbili. Aliona kuwa yanayomridhisha mtu kazini na yanayomuudhi si ncha mbili za fimbo moja. Mtu huridhishwa na kazi yenyewe, na kufaulu kwake, na kutambuliwa. Huudhiwa na mshahara mbaya, na wakubwa wabaya, na hali mbaya ya mahali pa kazi. Ukimwongezea mshahara hutampa pendo la kazi. Ukimpunja utamtia donge ambalo pendo la kazi haliliyeyushi. Wako waliombishia Herzberg, na mimi si mtaalamu wa kuamua kati yao, lakini mjomba wangu nadhani angemwelewa upesi. Daftari la dukani halikumfanya aichukie kazi yake. Lilimfanya aone kuwa mji anaoulinda haumwoni.

Tena iko gharama ambayo haikuwa ikitajwa zamani. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitia kazi ya uzimamoto katika kundi la mambo yaliyothibitika kuleta saratani. Moshi wa nyumba za siku hizi, zenye magodoro ya sponji na vyombo vya plastiki, ni sumu, na huingia hata kwa njia ya ngozi. Katika New York, wazimamoto 343 walikufa siku moja, tarehe 11 Septemba 2001. Kufikia Septemba 2023 idadi ya wenzao waliokufa baadaye kwa maradhi waliyoyapata katika vifusi vile ilikuwa imefikia 343 nayo. Mwajiri anayepanga mshahara wa mzimamoto anapaswa kukumbuka kuwa ananunua pia miaka ya uzeeni ambayo pengine muuzaji hataifikia.

Turudi kwetu. Katiba ya mwaka 2010 iliweka uzimamoto miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, katika Jedwali la Nne, na tangu hapo kila kaunti ina wajibu wake. Kituo kikuu cha Nairobi kiko Mtaa wa Tom Mboya, katikati ya msongamano wa mji, na gari linalotoka pale hupigana na matatu kabla halijapigana na moto. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi hata watu wamezoea habari yake. Mwezi wa Septemba 2011 petroli iliyovuja kutoka bomba kuu iliwaka katika mtaa wa Sinai, ikaua watu wapatao mia moja. Viwanja vya ndege vina kanuni ya kimataifa inayotaka gari la zimamoto liwe na uwezo wa kufika sehemu yoyote ya njia ya ndege kwa muda usiozidi dakika tatu. Mtaa wa mabanda hauna kanuni, wala hauna njia ya gari.

Basi wazimamoto hufika wamechelewa kwa sababu zisizo zao. Pengine hufika na tangi nusu, kwa kuwa bomba la maji la mtaani limefukiwa na mjenzi wa ghorofa. Wenye nyumba, ambao wameona mali ya maisha yao ikigeuka jivu, huokota mawe. Mjomba alipigwa mawe mara mbili. Asante ya punda ni mateke, alisema, lakini sikumsikia akiwalaumu waliompiga. Aliwalaumu waliomtuma bila maji. Na hapa ndipo nilipoona kuwa wakubwa wa mji, waliokuwa wakisema wito, wito, walikuwa wamekata mshahara wake wa pili pia. Furaha yake yote ilikuwa katika kuona kazi imefaulu kabla jua halijachwa. Mnyime mtu huyo maji, umnyime mtungi wa hewa, umpe gari moja lililo hai na moja mfu, utakuwa umeingia mpaka katika chumba cha moyo wake na kutoka na kitu. Asiyelipa fedha nyingi angeweza walau kulipa kwa vifaa, maana kwa mzimamoto kifaa kizuri ni sehemu ya ujira, tena sehemu atakayokwenda nayo motoni.

Mjomba alistaafu akiwa na kikohozi ambacho hakijamwacha, cheti chenye muhuri, na deni la dukani alilolimaliza kwa malipo ya uzeeni. Mwaka jana mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na minane, alikuja na tangazo la kazi: kaunti inataka wazimamoto wapya. Mshahara ulikuwa umeandikwa, na si mbaya kama ule wa zamani. Sote mezani tulimgeukia mzee tukingoja atasema nini. Aliushika ule waraka mbali na macho, akausoma pole pole mpaka mwisho, kisha akamwuliza kijana kama amekwenda kituoni kuyaona magari.

Kijana alisema bado.

"Nenda kwanza," mjomba akasema, "uwaambie wakufungulie tangi."